Gari Lililonyamazishwa

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Tahira alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aifanye. Alitoka uani, akachomoa waya wa chaji ubavuni mwa gari la mama yake, akaufuta umande kwa kitambaa, akaukunja na kuuweka chini ya boneti. Katika magari mengine ya Rumonge, ukifungua boneti unakuta injini, joto na mafuta meusi. Katika gari hili ulikuta sanduku safi tu, na siku za soko abiria waliweka humo vikapu vyao vya ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Kisha Tahira aliketi kidogo kwenye kiti cha mbele na kusoma skrini.

"Mama, betri imejaa," alisema.

"Asante, fundi wangu," mama yake alijibu kutoka jikoni. "Sasa njoo unywe uji. Shule haitakungoja."

Mama yake aliitwa Mariyamu, lakini mtaani watu wote walimwita Mama Tahira. Kwa miaka mingi aliendesha teksi ya kawaida. Mafuta yalipoadimika, alishinda kwenye foleni ya kituo tangu alfajiri, na mara nyingi alirudi nyumbani mikono mitupu. "Esansi imekwisha," ndivyo alivyosema kila aliporudi, huku akivua viatu kwa uchovu. Ndipo Mjomba Waziri, kaka yake anayeishi Bujumbura, alipomweleza kuhusu magari ya umeme yaliyoanza kuonekana kule. Wakaiuza teksi ya zamani, wakasaidiana, na siku moja Mama Tahira akaingia mjini akiendesha gari dogo la rangi ya majani mabichi. Hapakuwa na gari jingine la namna hiyo pale parkingi, mahali teksi na mabasi yanapongojea abiria. Wala hapakuwa na dereva mwingine mwanamke.

Siku za mwanzo watu walilizunguka gari kama wanaotazama mgeni. Watoto waliinama nyuma yake kutafuta bomba la moshi wasilione. Mzee mmoja alikataa kupanda mvua iliponyesha, akidhani atapigwa na umeme. Mama Tahira hakumcheka. Alisimama kwenye mvua, akaugusa mlango, akagusa boneti, kisha akamfungulia mlango wa nyuma. Mzee akapanda, akanyoosha miguu kwenye sakafu ile iliyo sawa bila tuta katikati, akasema hajawahi kukaa vizuri namna hiyo kwenye teksi.

Tahira alilijua gari lile vizuri kuliko masomo yake ya hisabati. Alijua kwamba mama akiondoa mguu kwenye pedali, gari hupunguza mwendo lenyewe, na mshale wa kijani kwenye skrini huonyesha umeme ukirudi kwenye betri. Alijua kwamba vishikio vya milango hulala ndani ya bati mpaka uvibonyeze, na kwamba abiria wengi hupapasa mlango kwanza kabla ya kuviona. Alijua pia kwamba gari likienda polepole hutoa mlio mwembamba, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Likishika kasi barabara kuu, mlio huo hukoma na husikii tena ila upepo na magurudumu.

Palikuwa na mtu mmoja aliyeupenda sana mlio ule. Huyo alikuwa Mwalimu Zabroni, aliyefundisha Kiswahili na nyimbo katika shule ya Tahira. Alikuwa amefundisha miaka mingi katika kambi za wakimbizi Tanzania kabla ya kurudi nyumbani. Macho yake yalikuwa yamepofuka kwa maradhi, lakini hakuacha kazi. Kila asubuhi alitembea peke yake hadi shuleni, fimbo yake nyeupe ikigonga kando ya barabara. Gari lilipomkaribia, alisimama na kuinua mkono kabla hawajafika.

"Amahoro, Mama Tahira," alisema. "Amahoro na wewe, Tahira. Leo mmechelewa kidogo."

"Amahoro, Mwalimu. Shikamoo," Tahira alijibu kupitia dirishani. Kila mara alijiuliza Mwalimu alijuaje kwamba naye yumo.

Siku moja wakati wa mapumziko, wasichana wa darasa lao walikuwa wameketi kwenye ngazi wakila karanga. Tahira alikuwa akieleza kwa mara nyingine jinsi gari lao lisivyohitaji foleni ya mafuta. Rafiki yake Jovita alimsikiliza, kisha akasema, "Binamu yangu wa Bujumbura amepanda gari la umeme. Anasema halitoi sauti yoyote. Hilo lenu linalia. Labda ni la zamani."

Wasichana wengine wakacheka. Tahira alihisi uso ukimwaka moto.

"Si la zamani," alisema. "Nalo linaweza kunyamaza likitaka."

"Basi tuonyeshe," Jovita alisema.

Alasiri ile Jovita alimfuata Tahira nyumbani. Gari lilikuwa uani, na mama alikuwa ndani akiswali. Wasichana wawili wakaingia kwenye viti vya mbele na kufunga milango. Tahira aligusa skrini. Gari lilipofika kutoka ng'ambo, maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina, na Mjomba Waziri ndiye aliyeyageuza kuwa ya Kifaransa. Tahira alipekua ukurasa baada ya ukurasa: taa, viti, redio, hali ya hewa ndani ya gari. Mwishowe akaona picha ya mtu anayetembea, na mbele yake gari linalotoa mawimbi ya sauti. Akagusa hapo. Skrini ikaandika onyo: mlio huu unawalinda watembea kwa miguu, je, una hakika unataka kuuzima?

"Inasemaje?" Jovita aliuliza.

"Inauliza kama nina hakika," Tahira alisema, akagusa ndiyo, wakashuka.

Mama alipotoka na kulisogeza gari kivulini, liliteleza uani bila sauti kabisa, hata kuku waliokuwa wakidonoa chini ya ukuta hawakuinua vichwa mpaka gurudumu lilipowakaribia. Jovita alishika mdomo wake kwa mshangao. Mama, aliyekuwa ndani na vioo vimefungwa, redio ikisema, hakugundua kitu. Tahira aliona fahari kubwa. Alikusudia kuuwasha mlio tena mara mama akishuka, lakini abiria alipiga simu, mama akaondoka, na jioni Tahira alikuwa na kazi za shule. Akajiambia atafanya kesho.

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Waliondoka na vioo vimefungwa, wipa zikifuta maji, na Tahira hakuukumbuka mlio. Karibu na soko, lori lililojaa mapipa ya mawese lilikuwa limeegeshwa kando, na vijana walikuwa wakishusha mzigo. Mama Tahira alipunguza mwendo na kulipita lori taratibu. Wakati huohuo fimbo nyeupe ilitokeza mbele ya lori, na nyuma yake Mwalimu Zabroni, akivuka.

Mama alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama, lakini bampa ilikuwa imekwisha kumgusa Mwalimu kwenye paja. Aliyumba, akaanguka kwenye matope, na fimbo yake ikavunjika chini ya gurudumu.

Mama alikuwa nje kabla Tahira hajafungua mkanda. Alipiga magoti kwenye matope.

"Mwalimu, ni mimi. Ni mimi, Mama Tahira. Umeumia wapi?"

Mwalimu Zabroni alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa kushoto. Uso wake ulionyesha mshangao kuliko maumivu.

"Mama Tahira?" alisema. "Lakini gari lako nalijua. Nilisimama, nikasikiliza kwanza, kama kawaida. Sikusikia kitu."

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Vijana wa lori walisema mwanamke huyu anakimbiza gari. Muuza ndizi mmoja alisema magari haya ya umeme yatawamaliza watoto wote wa mtaa. Mama hakubishana nao. Aliwaomba wamsaidie kumwinua Mwalimu, wakamweka kwenye kiti cha mbele, na Tahira akahamia nyuma. Njia nzima hadi hospitalini Tahira alitazama skrini kutoka nyuma ya bega la mama.

Daktari alisema mkono haukuvunjika, umeteguka tu. Akaufunga bendeji na kumwambia Mwalimu apumzike. Walipotoka, Assumani alikuwa akiwangoja kwenye lango la hospitali. Assumani alikuwa mkuu wa madereva wa parkingi, mtu mnene mwenye sauti nzito, aliyeheshimiwa kwa sababu hakumwonea mtu.

"Mama Tahira, pole," alisema. "Mwalimu, pole sana. Madereva wamenituma. Wanasema hii gari iko na shida. Wengine wanasema iondolewe kabisa kwenye parkingi. Nimewaambia tukutane Jumamosi asubuhi, tusikilizane. Mpaka siku hiyo, Mama Tahira, usipakie abiria."

"Nilikuwa naenda polepole, Bwana Assumani," mama alisema. "Na gari langu hulia likienda polepole. Kila mtu anajua."

"Mwalimu anasema halikulia."

Mama alimgeukia binti yake. "Tahira, ulikuwa mbele pamoja nami. Ulisikia mlio?"

Tahira alitazama viatu vyake vilivyojaa matope. "Sijui, Mama. Mvua ilikuwa kubwa."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu nyumbani kwao. Gari lilisimama uani bila kazi. Mama alilipangusa ingawa halikuwa na vumbi. Majirani waliomjia kwa pole walisema wanamwamini yeye. "Mwalimu amezeeka," jirani mmoja alisema. "Macho yalianza, sasa masikio yanafuata." Mama alimkatiza, akasema Mwalimu ni mtu mkweli na hapendi asemwe hivyo nyumbani kwake. Lakini maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuenea mjini.

Shuleni, Tahira alimweleza Jovita kila kitu kilichokuwa kikimsumbua.

"Washa tu mlio," Jovita alimnong'oneza. "Siku ya mkutano gari litalia, wote watasikia, na mama yako atarudishiwa nafasi yake. Nani atajua?"

Tahira aliona hilo ni jambo jema. Lingemaliza yote bila mtu kukasirika. Alipofika nyumbani aliingia garini, akafungua ukurasa ule wenye picha ya mtu anayetembea. Kidole chake kilikuwa karibu kugusa kioo alipokumbuka alichokiona asubuhi.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kwaya. Mwalimu Zabroni alikuja shuleni, lakini hakuja peke yake. Mjukuu wake mdogo alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto. Wanafunzi walipoimba, hakumsahihisha mtu. Kwa kawaida aliinua kidole mara moja sauti moja ilipopotea, akamtaja mwimbaji kwa jina. Safari hii waliimba vibaya mstari mzima naye akakaa kimya. Baadaye Tahira alimsikia akizungumza na mkurugenzi wa shule mlangoni mwa darasa.

"Nafikiri umefika wakati wa kupumzika," Mwalimu alikuwa akisema. "Macho yalipoondoka nilijiambia, masikio yapo. Sasa gari ninalolijua limepita mbele yangu sikulisikia. Mtu asiyeaminika masikioni atafundishaje watoto kuimba?"

Tahira aliondoa kidole kwenye kioo. Akaona wazi kitakachotokea. Akiuwasha mlio kwa siri, gari litalia mbele ya wote siku ya Jumamosi. Mama ataonekana mkweli. Naye Mwalimu Zabroni ataonekana kiziwi, na yeye mwenyewe ataamini hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Mwalimu ndiye aliyesema ukweli tangu mwanzo.

Tahira alishuka, akamkuta mama yake akichambua mchele kwenye ungo.

"Mama, mimi ndiye niliyeuzima mlio wa gari," alisema. Alieleza yote bila kuficha kitu: maneno ya Jovita, onyo alilolisoma, na jinsi alivyodanganya kwenye lango la hospitali. Alipomaliza, alikuwa akilia.

Mama aliweka ungo chini.

"Nilikuuliza pale hospitalini," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuamini kuliko mtu yeyote."

"Najua, Mama."

"Na kosa si lako peke yako. Mimi ni dereva. Ilinipasa kulikagua gari langu kila asubuhi, mlio wake pia, si betri tu. Hilo nitalisema mwenyewe mbele ya madereva. La kwako utalisema wewe. Lakini kwanza vaa viatu. Kuna mtu anayestahili kusikia kabla ya Assumani."

Nyumba ya Mwalimu Zabroni ilikuwa karibu na michikichi, upande wa ziwa. Walimkuta kwenye kiti barazani, bendeji mkononi. Alisikia hatua zao, akageuza kichwa, lakini hakuthubutu kutaja majina kama alivyozoea.

"Nani mwenzangu?" aliuliza.

"Ni Tahira, Mwalimu. Nimekuja na mama." Tahira alipiga magoti mbele yake. "Mwalimu, siku ile hukusikia gari kwa sababu halikuwa na sauti. Niliizima mimi, nionekane mbele ya wenzangu. Masikio yako hayana kasoro. Nisamehe."

Mwalimu aligeuza uso kuelekea ziwani. Tahira alidhani amekasirika. Kisha mzee akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo njiani.

"Kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kusikia," alisema polepole.

"Hakukuwa na kitu, Mwalimu."

"Ungeweza kuniua, mtoto. Nataka ulijue hilo, nawe usilisahau." Akanyoosha mkono wake mzima, akaupata mkono wa Tahira. "Na nataka ujue na hili. Mkono huu daktari ameufunga, utapona. Lakini masikio yangu yalikuwa yameondoka, na hakuna daktari aliyeweza kunirudishia. Umenirudishia wewe sasa hivi. Nimekusamehe. Jumamosi nitakuja parkingi na mimi."

Jumamosi asubuhi madereva walisimama duara kati ya mabasi. Wengine walikuwa na haraka, wakitazama abiria wa Nyanza-Lac waliokuwa wakiwasubiri. Assumani alimpa Mama Tahira nafasi ya kuzungumza. Mama alisema kwa maneno machache kwamba alilitoa gari barabarani bila kulikagua sawasawa, na kwamba hilo ni kosa la dereva. Kisha akamsogeza binti yake mbele.

Tahira hakuwahi kuzungumza mbele ya watu wazima wengi namna ile. Sauti yake ilianza ikiwa ndogo. Alipofika kwenye onyo la skrini, aliona Jovita akijipenyeza kati ya madereva, akaja kusimama kando yake. "Mimi ndiye niliyemchochea," Jovita alisema, akainamisha kichwa. Kuanzia hapo sauti ya Tahira ilitulia, akamaliza.

Dereva mmoja alisema watoto wa siku hizi hawaogopi kitu. Assumani alimnyamazisha kwa mkono.

"Tahira, hakuna aliyekushuku," alisema. "Kwa nini hukunyamaza?"

"Kwa sababu watu walianza kusema Mwalimu hasikii," Tahira alijibu. "Naye anasikia."

Assumani aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi tuone," alisema.

Mwalimu Zabroni alisimama peke yake mwisho wa uwanja, mgongo ukiwa upande wa gari. Mama Tahira aliliendesha kumwelekea polepole, mlio ukiwa umezimwa. Assumani alitembea mbele ya gari, tayari kuligonga kwa kiganja lisimame. Mwalimu hakugeuka. Gari likasimama mbali naye kiasi cha kutosha, na uwanja mzima ulikuwa kimya. Halafu mama akauwasha mlio na kurudia tangu mwanzo. Gari lilikuwa halijafika hata kwenye basi la kwanza Mwalimu alipoinua mkono wake mzima.

"Linakuja," alisema, "na kuna basi upande wa kulia linaloizuia sauti kidogo."

Watu wakapiga makofi. Assumani mwenyewe akafumba macho akataka kujaribu, na baada yake madereva wengine, mmoja mmoja, wakisimama katikati ya uwanja kama watoto wanaocheza. Gari lilipopita bila sauti, wengine walishtuka lilipokuwa karibu nao kabisa. Hakuna aliyecheka tena.

"Kosa halikuwa kwa wale waliolitengeneza," Assumani alitangaza. "Walitengeneza vizuri, sisi tukaharibu. Gari la Mama Tahira linarudi kazini leo. Mama Tahira, murakoze, asante sana. Utatufundisha, maana magari haya yatakuja mengi."

Mama aliufunga ukurasa ule wa skrini kwa namba ya siri. Tahira alipewa adhabu yake naye akaikubali: mpaka mkono wa Mwalimu upone, angemsindikiza kwenda shuleni na kurudi, akimbebea mfuko. Mama alimnunulia Mwalimu fimbo mpya. Mwalimu aliruhusu kusindikizwa, lakini hakukubali kushikwa mkono. "Tembea kando yangu," alimwambia Tahira. "Njia naijua."

Katika matembezi hayo Tahira alijifunza mambo ambayo hakuyajua kuhusu mji wake. Mwalimu alimweleza kwamba lori humjulisha kwa mtikisiko wa ardhi, baiskeli kwa mnyororo, na mtumbwi unaotia nanga kwa kelele za wanunuzi wa mikeke, samaki wa ziwa letu. "Sasa fikiria," alisema, "mtu mmoja aliye mbali sana, asiyejua kama kuna mji unaoitwa Rumonge, alikaa akichora gari lisilo na kelele. Akajiuliza, je, asiyeona atafanyaje? Akaweka sauti ambayo gari lenyewe haliihitaji hata kidogo. Aliiweka kwa ajili yangu."

Miezi michache baadaye, gari la pili la umeme liliingia Rumonge. Lilikuwa jeupe, linang'aa, na dereva wake alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua, aliyekuja kufanya kazi kati ya Rumonge na Kabezi. Alipoomba nafasi kwenye parkingi, Assumani alimwambia aendeshe polepole mbele ya madereva. Gari likapita kimya.

"Nimeuzima mlio," kijana alieleza kwa tabasamu. "Wateja wanapenda utulivu."

Madereva walitazamana. Tahira alikuwa hapo, amepita kumletea mama yake chakula cha mchana. Mama alimwangalia tu. Tahira akaelewa, akaweka chombo cha chakula juu ya boneti na kumkaribia yule kijana.

"Kaka, samahani," alisema kwa adabu. "Mimi niliwahi kuuzima mlio wa gari letu, nikamwangusha mwalimu wangu." Akamsimulia kisa chote, pale pale, mbele ya watu, bila kupunguza sehemu iliyomwaibisha. Kijana alivua miwani yake. Tabasamu lilimwondoka kidogo kidogo. Tahira alipomaliza, kijana aliingia garini mwake, akashughulika na skrini, na aliposogeza gari tena, lililia.

"Karibu Rumonge," Assumani alimwambia, akamwonyesha nafasi yake.

Mama Tahira alimwita binti yake wakaketi pamoja kwenye kivuli cha basi, wakala muhogo na samaki.

"Kosa lile uliliona aibu," mama alisema, "na ni kweli lilikuwa aibu. Lakini angalia. Ungelificha, lingebaki aibu yako peke yako, tena lingemla Mwalimu Zabroni. Uliposema ukweli ulimponya mtu mmoja. Leo umeusema tena, na huenda umewalinda watu ambao hatutawajua kamwe. Ukweli hausemwi ili mtu asamehewe tu, mwanangu. Husemwa ili wengine wapite salama. Watu wakiniuliza ninajivunia nini, hudhani nitawaambia gari. Mimi huwaambia nina binti."

Tahira alimsogezea mama yake kipande kikubwa cha samaki, naye mama akakipokea. Upande wa pili wa uwanja abiria wa kwanza wa gari jeupe alikuwa akipapasa mlango, akitafuta kishikio, na Tahira akainuka kwenda kumwonyesha.